"Utafiti Umeonyesha": Maswali Sita Kuhusu Msaada wa Kisaikolojia kwa Walioumizwa Nyumbani

Hati ya kipindi kwa vikundi vya kusikiliza redio. Kiongozi wa kikundi anaweza kuisoma kwa sauti mahali ambapo redio haishiki. Maswali ya kujadili yako mwishoni.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA TARATIBU.]

MTANGAZAJI: Kutoka hapa Kampala tunakusalimu wewe uliye Nakivale, Kyaka, Kyangwali na Rwamwanja. Tunakusalimu wewe uliye Rhino Camp na Bidi Bidi, na wewe mkimbizi unayeishi humu mjini, Katwe, Nsambya au Kisenyi.

Leo tunazungumza juu ya ukatili wa nyumbani: kupigwa, kutukanwa, kulazimishwa kitandani, kunyimwa chakula au fedha na mtu unayeishi naye. Kabla hatujaendelea, neno moja la usalama. Ikiwa anayekuumiza yuko karibu nawe sasa hivi, si lazima usikilize sasa. Badilisha stesheni. Hati ya kipindi hiki ipo kwa kiongozi wa kikundi na unaweza kuisoma siku nyingine. Usiende nayo nyumbani ikiwa kuonekana nayo kutakuletea taabu.

Haya, tuanze. Huenda umewahi kutembelewa na mgeni mwenye fomu au simu kubwa ya kujazia majibu. Anasema wameleta mradi wa msaada wa kisaikolojia kwa akina mama waliotendewa ukatili. Utakaa na wenzako mara tano, mara nane, mara kumi na mbili, mtafundishwa na kuzungumza. Ukimuuliza kama mradi huo unasaidia kweli, anajibu kwa maneno mawili: "Utafiti umeonyesha."

Maneno hayo ni mazito, na mara nyingi yanamaliza mazungumzo. Nani atabishana na utafiti? Lakini Waswahili wanasema kuuliza si ujinga. Utafiti ni kazi ya watu. Kuna uliofanywa vizuri na kuna uliofanywa vibaya, na hata ule mzuri unajibu swali moja, haujibu yote. Anayeusikia bila kuuliza anaweza kukosea kwa njia mbili. Anaweza kukataa msaada ambao ungempa usingizi na nguvu za kulea watoto wake. Au anaweza kuingia akiamini kwamba baada ya vikao vile kipigo kitakoma nyumbani, kumbe hakuna aliyepima hilo.

Kwa hiyo leo tunakupa maswali sita. Huhitaji kuwa umesoma chuo kikuu kuyauliza. Tutayaeleza kwa kutumia tafiti za kweli zilizofanywa hapa Kampala na kwa majirani zetu, baadhi yake na wakimbizi kama wewe.

[MUZIKI MFUPI]

SWALI LA KWANZA: WALILINGANISHA NA NANI?

MTANGAZAJI: Tuseme jirani yako ameweka mbolea mpya kwenye kipande chake cha shamba. Msimu huo mvua ikanyesha vizuri, na mahindi yakastawi. Je, ni mbolea au ni mvua? Huwezi kujua mpaka uangalie shamba la pembeni lililopata mvua ile ile bila mbolea.

Na maumivu ya moyo yako hivyo. Mtu hujiunga na kikundi cha msaada siku zake zikiwa mbaya kuliko zote. Miezi mitatu baadaye wengine wangepata nafuu kidogo hata bila kikundi, kwa kuwa ndugu alifika, mgao uliongezwa, au mume alisafiri. Mradi ukipima watu wake kabla na baada, kisha ukajisifu, unaweza kuwa unaisifu mbolea kwa kazi ya mvua.

Ndiyo maana watafiti makini hutafuta kundi la kulinganisha, na huacha kura iamue nani aende kundi gani. Kura inazuia mradi kuchukua wale wenye hali nzuri na kuwaacha wenye hali ngumu.

Hapa Kampala kuna mfano unaojulikana dunia nzima. Unaitwa SASA!, na jina lake ni neno letu la Kiswahili. Ni programu iliyotungwa na shirika la Raising Voices na kuendeshwa mitaani Kampala na shirika la CEDOVIP, kwa ajili ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kati ya mwaka 2007 na 2012 ilipimwa na watafiti wa Raising Voices, CEDOVIP, Chuo Kikuu cha Makerere na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Walichukua jamii 8 za mjini, wakazipanga mbili mbili zinazofanana, kisha kura ikaamua: jamii 4 zipate programu, 4 zingojee. Mwishoni wakalinganisha.

Kwa hiyo mgeni wako akisema "akina mama wetu walipona", muulize kwa upole: wale ambao hawakupata mradi, hali yao ilikuwaje?

SWALI LA PILI: WALIPIMA NINI?

MTANGAZAJI: Hili ndilo swali linalosahaulika zaidi. Neno "kusaidia" lina maana nyingi. Linaweza kumaanisha kwamba mama analala usiku. Linaweza kumaanisha kwamba hapigwi tena. Hayo ni mambo mawili, na yanapimwa kwa njia mbili.

Twende Nairobi. Mwaka 2015 wanawake 421 wa maeneo ya mjini huko, waliokuwa wameshapitia ukatili wa kijinsia na kulemewa na dhiki ya moyo, waligawanywa kwa kura. Wanawake 209 walipata vikao 5 vya ana kwa ana vilivyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Walifundishwa kutuliza mwili, kupambana na tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwashika mkono. Waliowafundisha hawakuwa madaktari. Walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, kama wale wanaopita nyumba kwa nyumba huko kwenye makazi. Wengine 212 walielekezwa kwa wauguzi wa kituo cha afya.

Miezi mitatu baadaye wale 209 walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao. Kipimo kikuu kilikuwa maswali 12: unapata usingizi? Unaweza kuamua mambo? Unajiamini? Hayo ni mambo makubwa. Mama anayelala na kuamua anaweza kupika, kufanya biashara, kwenda kuomba msaada. Lakini angalia, kipimo hicho kikuu hakikuhesabu vipigo. Utafiti ule ulitaka kujua kama moyo unapata nafuu, na ukajibu hilo.

SASA! ya Kampala ilikuwa upande mwingine. Haikuwa ushauri nasaha kwa mama mmoja mmoja. Watu wa kawaida wa mtaani, wanaume na wanawake, walifundishwa kuzungumza na majirani juu ya nani ana nguvu nyumbani na anaitumiaje. Walizungumza sokoni, nyumbani, mahali pa kazi. Watafiti walipima mtaa mzima: je, wanawake wanapigwa na wenzi wao mara chache zaidi? Je, watu bado wanasema mume ana haki ya kumpiga mke? Je, jirani anapoona ukatili anasaidia?

Dawa ya maumivu inaweza kukufanya usimame tena, lakini haimfungi mbwa aliyekuuma. Anayekupa dawa hana kosa, ila asikwambie kwamba mbwa amefungwa. Vivyo hivyo, mradi ukisema utapunguza dhiki, hilo linawezekana na lina ushahidi. Mradi ukisema vikao vya mke peke yake vitambadilisha mume, uliza: hilo lilipimwa wapi?

Na kuna hatari moja katika hili. Mtu asije akakuambia: "Umeshapata ushauri, sasa vumilia nyumbani." Kupungua kwa dhiki hakumaanishi kwamba nyumba imekuwa salama. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe ndiwe unayejua mlangoni kwako pakoje.

[MUZIKI MFUPI]

SWALI LA TATU: NAMBA HIYO INA UHAKIKA KIASI GANI?

MTANGAZAJI: Turudi Kampala. Matokeo ya SASA! yalitolewa mwaka 2014. Namba iliyosafiri zaidi ni hii: katika jamii zilizopata programu, wanawake waliosema wamepigwa na wenzi wao katika mwaka uliopita walikuwa pungufu kwa asilimia 52 wakilinganishwa na jamii nyingine. Ni kama nusu. Utaikuta namba hiyo kwenye mabango na kwenye hotuba.

Lakini watafiti wale wale waliandika pembeni yake jambo ambalo mabango hayalisemi. Walisema namba halisi inaweza kuwa popote katika upana fulani, na upana huo ulikuwa mkubwa. Upande mmoja, ukatili ungeweza kuwa umepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Upande wa pili, ungeweza kuwa haukupungua kabisa, au hata umeongezeka kwa karibu asilimia 40. Asilimia 52 ndiyo makisio yao bora, lakini si namba iliyopigiliwa msumari.

Kwa nini upana mkubwa hivyo, na watu waliohojiwa mwaka 2012 walikuwa zaidi ya 2,500? Kwa sababu kura haikupigwa kwa watu, ilipigwa kwa jamii, na jamii zilikuwa 8 tu. Mtaa mmoja ukipatwa na jambo lake, tuseme kiwanda kimefungwa au pombe ya bei rahisi imejaa, mtaa huo peke yake unalivuta jibu zima. Zikiwa jamii 80, jambo la mtaa mmoja lingezama kati ya mengine.

Hii haina maana kwamba SASA! haikufanya kazi. Angalia kipimo kingine. Wanawake waliokubali kwamba mume anaweza kumpiga mke walipungua kwa asilimia 46, na safari hii upana wote, kuanzia asilimia 21 hadi 62, uko upande wa kupungua. Hapo unaweza kusema kwa sauti zaidi kwamba fikra zilibadilika. Kuhusu kipigo chenyewe, unasema: kuna dalili nzuri, lakini tuendelee kupima.

Linganisha na Nairobi. Kwenye kipimo chenye alama 36, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa alama 3 na kidogo, na upana ulikuwa kati ya 2 na 5 hivi. Si muujiza. Ni nafuu ya wastani, lakini upande wote wa upana ule ni wa nafuu. Namba ndogo yenye uhakika wakati mwingine ina thamani kuliko namba kubwa inayoyumba.

Wewe huna haja ya kukokotoa. Inatosha kuuliza: namba hiyo inaweza kuwa chini kiasi gani, na inaweza kuwa juu kiasi gani? Anayeujua utafiti wake atakujibu. Asiyejua atarudia ile namba ya kwenye bango.

SWALI LA NNE: WALIOONDOKA NJIANI WALIKUWA WANGAPI?

MTANGAZAJI: Sasa twende mashariki ya Kongo, ambako wengi wenu mmetoka. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti juu ya wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono na waliobeba maumivu makali ya moyo. Vijiji 16 viligawanywa kwa kura. Kwenye baadhi, wanawake walipata tiba ya kikundi ya kutazama upya mawazo yanayowatesa, kama lile wazo kwamba "kosa lilikuwa langu": kikao 1 cha mtu peke yake na vikao 11 vya kikundi. Kwenye vijiji vingine walipata mtu wa kuwasikiliza na kuwasaidia mmoja mmoja. Kijiji kimoja kiliondolewa kwa sababu watafiti walikuwa na wasiwasi na uwezo wa mhudumu wake. Wakabaki wanawake 157 kwenye tiba ya kikundi na 248 kwenye msaada wa mmoja mmoja.

Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 kwenye kundi la tiba, na asilimia 42 kwenye kundi la pili. Tofauti hiyo ni kubwa sana. Tena waliotoa tiba walikuwa wahudumu wa huko huko Kongo, wala hawakuwa na shahada za udaktari, na wanawake wengi hawakujua kusoma. Iliwezekana.

Lakini uliza swali letu la nne. Waliopimwa mara zote tatu, mwanzo, baada ya tiba na baada ya miezi sita, walikuwa asilimia 65 ya kundi la tiba na asilimia 52 ya kundi la pili. Wengine hawakupatikana kwenye kipimo kimoja au zaidi. Unajua mwenyewe maisha ya Kivu: watu wanakimbia, wanahama, wanafuata shamba au soko. Wale waliokosekana walikuwa wamepona wakaendelea na maisha? Au hali zao zilikuwa mbaya hata hawakuweza kuja? Watafiti wana njia za kukadiria, nao walizitumia, lakini makadirio hayawezi kuchukua nafasi ya mtu mwenyewe.

Kwa ukatili wa nyumbani swali hili linauma zaidi. Mama anayekatazwa na mume kutoka nje ndiye atakayekosa vikao, na ndiye atakayekosa kuhesabiwa. Mradi unaweza kuonekana mzuri kwa sababu wale walio kwenye hatari kubwa hawakuwepo siku ya kupima.

SWALI LA TANO: NAFUU ILIDUMU, NA ILIKUWA KWA WATU GANI?

MTANGAZAJI: Hapa Uganda, kwenye makazi ya Rhino Camp, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti uliotolewa mwaka 2020. Vijiji 14 viligawanywa kwa kura. Kwenye nusu ya vijiji, wanawake walikaa katika vikundi vikubwa mara 5 na kusikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa sauti, pamoja na kitabu cha picha, yakiongozwa na wahudumu waliopewa mafunzo mafupi. Sisi watu wa redio tunafurahi kusikia hivyo. Ni njia ya gharama ndogo, na watu wengi wanaweza kufikiwa kwa mara moja.

Dhiki ilipungua zaidi kwa waliosikiliza kuliko kwa wenzao. Ila nafuu ilikuwa kubwa zaidi mara tu baada ya vikao. Miezi mitatu baadaye tofauti bado ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo. Hilo ni la kawaida katika tafiti za namna hii, na linakufundisha jambo. Ukimaliza vikao ukajisikia vizuri, kisha baada ya miezi ukaona giza linarudi, hujashindwa. Ndivyo inavyotokea kwa wengi. Rudi kuomba tena, na mradi wenyewe ujiulize utafanya nini baada ya mwezi wa tatu.

Sasa, "watu gani?" Rhino Camp walikuwa wanawake wenye dhiki ya kila aina, si walioumizwa na wenzi wao peke yao. Kongo walikuwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Nairobi walikuwa wanawake wa mjini waliopitia ukatili wa kijinsia, na waliokuwa kwenye hatari ya kujiua hawakuingizwa kwenye vikao vile 5 kwa kuwa walihitaji msaada mkubwa zaidi. Wanaume hawakuwemo katika tafiti hizi tatu, ingawa wapo wanaume wanaoumizwa nyumbani na wanaoona aibu kusema.

Utafiti ulio karibu zaidi na wengi wenu ulifanyika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, Tanzania. Uliitwa Nguvu. Ulikuwa wa wanawake wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakiumizwa na wenzi wao na kulemewa na dhiki. Watafiti waliona kwamba kutibu moyo peke yake hakutoshi, na kupanga usalama peke yake hakutoshi. Wakaunganisha vyote viwili katika vikao 8: mama anasaidiwa kupanga usalama wake na kujua pa kukimbilia, na papo hapo anasaidiwa na mawazo yanayomtesa. Ulikuwa utafiti wa hatua ya kwanza, wa kuona kama kazi hiyo inawezekana kambini na kama ni salama, kabla ya kuifanya kwa ukubwa. Utafiti wa aina hiyo haupaswi kutajwa kama ushahidi wa mwisho. Lakini njia yake ni ya kukumbuka: moyo na usalama kwa pamoja.

SWALI LA SITA: NITAKUWA SALAMA NIKIJIBU?

MTANGAZAJI: Maswali matano yaliyopita yanahusu tafiti za wengine. Hili linakuhusu wewe, siku mtafiti atakapobisha hodi kwako.

Tangu mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lina kanuni za usalama kwa utafiti wa ukatili dhidi ya wanawake. Kanuni ya kwanza ni kwamba usalama wa mwanamke unatangulia mbele ya utafiti wenyewe. Kwa maneno mepesi:

Uhojiwe faraghani, mahali ambapo hakuna anayesikia. Mume, mama mkwe au mtoto mkubwa akiingia, anayekuhoji abadilishe mazungumzo mara moja.

Katika nyumba moja ahojiwe mwanamke mmoja tu juu ya mambo haya, ili wengine wasijue kilichoulizwa. Kijijini utafiti usitangazwe kwa jina la "ukatili". Utajwe kama utafiti wa afya au wa maisha ya familia, na wewe mwenyewe uelezwe ukweli faraghani kabla ya kukubali.

Anayekuhoji awe amefundishwa, na awe na mahali pa kukuelekeza ukihitaji msaada. Kumfungua mtu kidonda, ukajaza fomu na kuondoka, ni kosa.

Hapa Uganda utafiti unapaswa kuidhinishwa na kamati ya maadili na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kwenye makazi ya wakimbizi uwe na ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Una haki ya kuomba kuona barua. Una haki ya kupewa namba ya simu ya mtu wa kumlalamikia.

Na sikiliza hili vizuri, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Ukikubali kushiriki, hilo halikupi nafasi ya kupelekwa nchi ya tatu. Ukikataa, hilo halikuondolei mgao wala kukufuta kwenye orodha. Unaweza kukubali leo na kujitoa kesho. Unaweza kujibu maswali kumi na kuruka la kumi na moja. Mtu akikutisha au kukuahidi safari ili ujibu, huo haujawa utafiti tena, karipoti.

[MUZIKI MFUPI]

KWA HIYO TUSHIKE NINI?

MTANGAZAJI: Tukiweka tafiti hizi pamoja, tunaweza kusema mambo matatu bila kutia chumvi.

La kwanza: maumivu ya moyo baada ya ukatili yanaweza kupungua, na yanaweza kupunguzwa na wahudumu wa jamii waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Nairobi, Kivu na Rhino Camp zimeonyesha hivyo kwa kulinganisha. Kwa hiyo ukipata nafasi ya msaada wa namna hiyo, na ni salama kwako kwenda, ni jambo la kufikiria. Hujaharibika akili na wala si udhaifu.

La pili: msaada wa moyo haubebi peke yake mzigo wa kukomesha kipigo. Huo ni mzigo wa anayepiga, wa majirani, wa viongozi na wa sheria. Kampala imetupa dalili kwamba mtaa ukianza kukataa ukatili kwa pamoja, mambo yanaweza kubadilika. Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Nyumbani tangu mwaka 2010, na kumpiga mwenzi ni kosa, awe raia au mkimbizi.

La tatu: mradi mzuri hauogopi maswali. Ukiuliza maswali haya sita ukapata majibu ya wazi, pamoja na "hilo hatujui bado", hiyo ni dalili nzuri. Ukijibiwa kwa hasira, nayo ni jibu.

Ikiwa wewe unaumizwa sasa, usingoje utafiti. Nenda kituo cha afya, au kwa mfanyakazi wa ulinzi wa wakimbizi kwenye makazi yako, au dawati la familia na watoto la polisi. Ukiwa umebakwa, jitahidi ufike kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, ili upate dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Usioge kwanza ukiweza, lakini hata ukiwa umeoga, nenda. Namba 116 ni ya bure hapa Uganda, kwa watoto na kwa waliotendewa ukatili. Na ukiwa na mawazo ya kujiua, mwambie mtu mmoja leo, na umwombe akusindikize kituo cha afya.

Na wewe jirani unayesikia kelele usiku, wewe pia ni sehemu ya msaada. Usimuulize mama, "Ulifanya nini hata akakupiga?" Muulize, "Unahitaji nini?"



[MUZIKI WA KUFUNGIA]

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

Kwa kiongozi wa kikundi: usimwombe mtu yeyote aeleze yaliyompata yeye mwenyewe mbele ya wengine. Zungumzeni juu ya jamii kwa jumla. Mtu akianza kulia au kueleza ya kwake, msogeze pembeni kwa upole na umsikilize faraghani. Usimtaje nje ya kikundi.

1. Katika maswali sita ya leo, lipi hamjawahi kusikia mtu akiwauliza watu wa miradi hapa kwetu? Kwa nini?

2. Mradi unasema akina mama 100 walihudhuria na 60 walipimwa mwishoni, na kati ya hao 60, 50 walipata nafuu. Mngeuliza nini kuhusu wale 40?

3. Kuna tofauti gani kati ya mradi unaosaidia mama alale usiku na mradi unaosaidia asipigwe? Hapa kwetu tunao upi, na tunakosa upi?

4. Ni mambo gani yanawazuia walio kwenye hatari kubwa kufika kwenye vikao: umbali, watoto, saa, mume? Kikundi chetu kinaweza kupunguza lipi?

5. Mtafiti akija wiki ijayo kwenye zoni yetu, ni nani atakayeomba kuona barua yake, na atamwomba kwa maneno gani?